Mistari Thelathini na Nne

Nilianza kumshuku mke wa mwanangu siku ile mashine ya kupima sukari ya zahanati iliponisomea kumi na tisa. Mwezi wa kabla yake ilisoma kumi na sita, na wa kabla ya huo kumi na tatu. Nesi aliitazama namba, akanitazama mimi, akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka: "Mama, dawa unachoma kweli?"

Mimi huyu. Mtu niliyeshika sindano tangu nina miaka kumi na minne. Nimeshona sare za shule, suruali za wanaume wenye matumbo na wanaojifanya hawana, magauni ya harusi ya watu ambao ndoa zao zimekufa na gauni bado zima kabatini. Nilimwambia nesi nachoma kila asubuhi, mistari ishirini ya bomba la sindano kama alivyoniandikia, na asiniulize tena maswali ya kitoto. Akaguna, akaandika kwenye daftari langu, kisha akainama kufungua kidonda changu cha mguu wa kulia, pale chini ya kidole gumba.

"Hakifungi," akasema. "Sukari isiposhuka hakitafunga. Na kisipofunga, mama, itabidi tuzungumze mambo mengine."

Hakuyataja na hakuwa na haja. Mzee mmoja wa ng'ambo ya barabara alizungumziwa hayo mambo mengine, sasa anatembea kwa magongo. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Wakinikata mguu nitakanyaga kwa nini, kwa kiwiko? Sina kazi nyingine, na sina tabia nyingine ya kushinda nayo nyumbani. Niliogopa sana siku hiyo, ila uoga wangu una kawaida ya kutoka nje umevaa hasira.

Nikirudi nyuma ya pikipiki, njia nzima, nikawa nalipekua jambo hili. Chakula nakula nilichoambiwa. Sindano nachoma kila siku ya Mungu. Namba inapanda. Kosa basi halipo kwangu, lipo kwenye chupa. Na chupa inakaa mikononi mwa nani?

Kwetu hakuna friji. Dawa yangu inakaa chumba cha nyuma, ndani ya mtungi wa udongo uliozungukwa na mchanga mbichi, ambao lazima umwagiwe maji asubuhi na jioni ndipo ubaki baridi. Tangu mguu uanze, kuinama ni shida, kwa hiyo kazi hiyo ni ya mkwe wangu. Hata kuifuata dawa zahanati ni yeye, maana huletwa siku tofauti na ile ya kupimwa. Mwanangu yuko machimbo ya mawe, anakuja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Siku zilizobaki ni mimi na huyo mwanamke, na mtungi.

Ni msusi. Wateja wake wanakaa kibarazani kwenye kigoda, yeye anasimama nyuma yao na chanuo, na katika miaka sita aliyokaa kwangu sijamsikia akisema maneno kumi mfululizo. Watu husifu mkwe asiye na maneno. Mimi mtu wa namna hiyo ananitia wasiwasi. Mtu anayesema, unajua amebeba nini. Asiyesema, utajuaje?

Jirani yetu tunamwita Mama Redio, na hilo jina hakulipata bure. Kesho yake alikuja kuegemea ua wakati mkwe wangu ameenda kisimani.

"Fundi, mimi simsemi mtu," akaanza, na hapo nikajua kuna mtu anasemwa. "Ila juzi nilimwona mkweo huyu, yaani mke wa mwanao, amesimama mlango wa nyuma. Mkono mmoja chupa yako ya dawa, ameinyanyua juani anaichungulia. Mkono wa pili kikombe cha maji."

"Maji ya nini?"

"Mimi nitajuaje? Nasema nilichokiona."

Kuanzia siku hiyo sikula kwa raha. Chakula kikipakuliwa nasema kina moto, nangoja mwenzangu ale kwanza. Akimeza tonge tatu na hajaanguka, ndipo nami naanza. Nilijua ni upuuzi, maana tunakula sufuria moja, lakini ukishaanza kumshuku mtu huwezi kumshuku nusu.

Nikaamua kupata ushahidi. Nilichukua uzi mweupe namba arobaini, nikauzungusha kwenye shingo ya chupa juu ya kizibo, nikaufunga kwa fundo langu la kumalizia pindo, fundo ambalo sijamfundisha mtu yeyote. Asubuhi yake uzi haukuwepo. Niliukuta sakafuni karibu na mtungi, umekatwa. Nilikaa kitandani na ile chupa mkononi, nikajiambia, haya, umeshajua, huyu binti anatoa dawa anajaza maji.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilitaka nimshike mkono ukiwa ndani ya chupa. Wakati huohuo nilipaswa kuishi. Nikawaza kifundi. Dawa kama imetiwa maji, bado dawa imo, imepungua nguvu tu. Ukiletewa kitambaa chepesi hukitupi, unakikunja mara mbili. Nikaanza kuvuta mistari ishirini na sita badala ya ishirini. Wiki iliyofuata thelathini. Mwisho nikafika thelathini na nne, na sikumwambia mtu.

Nilikuwa najichoma peke yangu, mlango umefungwa, siku zote mahali pamoja. Upande wa kushoto wa tumbo, vidole vitatu kutoka kitovuni, pana mahali sindano ilikuwa haiumi kabisa. Nilipagundua mwaka wa pili wa ugonjwa na sikuhama. Ukishona kifungo, sindano inarudi kwenye tundu lilelile, ndivyo mkono wangu unavyojua kufanya kazi. Mwanzo nilielekezwa nihamehame, lakini mwenye kuelekeza haumwi yeye.

Siku ya kupimwa ilipofika mkwe wangu alisema atanisindikiza. Hajawahi kunisindikiza. Nikamwangalia hivi, nikasema sawa, maana nami nilikuwa na langu. Nilikuwa nimeifunga chupa ndani ya kitambaa na kuificha kifuani.

Mashine ikasoma ishirini na moja. Kabla nesi hajafungua mdomo, niliitoa chupa nikaiweka mezani.

"Nipimieni hii," nikasema. "Mniambie ndani kuna dawa au kuna maji."

Nesi alimtazama mkwe wangu. Mkwe wangu aliangalia sakafu. Mimi nikaona kila kitu.

"Hapa hatuna kifaa cha kupima hiyo, mama," nesi akasema. "Hebu kwanza pandisha blauzi. Unachoma wapi?"

Miaka minne naenda pale na hakuna aliyewahi kutaka kuliona tumbo langu, foleni ni ndefu na nesi ni mmoja. Nikapandisha. Akabonyeza upande wa kushoto, akabonyeza tena, akaushika mkono wangu akauweka pale. Palikuwa na uvimbe mgumu, mkubwa kama kiazi. Kujua nilijua kwamba upo. Nilidhani ni uzee.

"Ndiyo maana," akasema nesi. "Hapa pamechoka. Ukichoma hapa dawa inalala humuhumu, haifiki kwenye damu inavyotakiwa. Kuanzia kesho unahama. Paja la kulia, kesho kutwa la kushoto, unazunguka. Na kwa sababu sasa dawa itaingia yote, tutapunguza tuanze na kumi na sita." Akaishika kalamu bila kuandika. "Ulikuwa unachoma ngapi? Niambie ukweli mama, hili ni jambo kubwa. Ulikuwa unaongeza?"

Mkwe wangu alinyanyua macho. Ni hayo macho yaliyoniharibia. Nilijiambia, ukisema mbele yake umeongeza, atajua umeshamgundua.

"Ishirini," nikasema. "Kama ulivyoandika."

Nikatangulia kutoka. Nilipogeuka nikawaona wale wawili wamesimama mlangoni, mkwe wangu anamuuliza kitu kwa sauti ya chini, nesi anamjibu huku anaonyesha mdomo wake kwa kidole. Nilimuuliza njiani walikuwa wanazungumza nini. Akasema, "Mambo ya dawa tu, mama." Hayo ndiyo maneno yake yote mpaka nyumbani.

Usiniulize kwa nini sikumwamini nesi. Uvimbe niliuamini, niliugusa mwenyewe. Lakini uvimbe haukati uzi. Uvimbe hausimami mlango wa nyuma na kikombe cha maji. Na watu wawili wananong'ona mlangoni, halafu mmoja wao ananiambia nipunguze? Nikasema hapana. Mahali nitahama, ila maji ni maji.

Asubuhi nilifunga mlango, nikavuta mistari thelathini na nne, nikachoma paja la kulia. Iliuma. Nikanywa chai yangu isiyo na sukari na kula kidogo tu, maana mkwe wangu alikuwa hajakaa kula na sikutaka kutangulia.

Saa nne nilikuwa kwenye cherehani naweka kola ya shati. Mshono ukaanza kwenda upande. Nikaufumua, nikarudia, ukaenda upande tena, na mimi mshono wangu hauendi upande. Jasho likanitoka mpaka likadondoka kwenye kitambaa. Mikono ikawa inatetemeka, na ile kola sikuelewa tena ni kitu gani na kwa nini ninayo. Nilitaka kuita, sikukumbuka ninamwita nani.

Nilimwona mkwe wangu akija kutoka kibarazani na chanuo mkononi. Alipiga magoti mbele yangu, akanishika uso.

"Mama, umechoma ngapi? Mama. Ngapi?"

Akaingiza mkono mfukoni mwa aproni yake, akatoa kijikaratasi kilichokunjwa, akakifungua kwa meno. Ilikuwa sukari. Akanipanua mdomo akaanza kunisugulia sukari kwenye fizi, na nilichoelewa kichwani mwangu ni kimoja tu, kwamba leo ameamua. Nikamng'ata kidole kwa nguvu zangu zote. Hakukitoa. Nikapata sauti, nikapiga kelele kwamba ananiua, jamani ananiua. Mteja wake alitoka mbio na kichwa kimesukwa nusu, na Mama Redio akaingia kabla sijamaliza kupiga kelele.

Akili iliponirudia nilikuwa sakafuni, kichwa kwenye mapaja ya mkwe wangu, mdomo umejaa utamu na chumvi ya damu. Damu ilikuwa yake. Mlangoni walijaa watu.

Mwanangu alifika saa nane, nyusi zote vumbi la mawe. Mama Redio ndiye aliyempigia simu, na kwa jinsi alivyoingia nilijua aliambiwa nini. Mimi nilikuwa nimelazwa kitandani, mkwe wangu amekaa kwenye kigoda na kidole amekifunga kitambaa, na Mama Redio amesimama katikati bila kuombwa.

"Ulimpa nini mama?" mwanangu akauliza.

"Sukari."

"Mmesikia wenyewe," Mama Redio akasema. "Mgonjwa wa sukari."

"Ilikuwa imemshuka," mkwe wangu akasema. "Nesi alinielekeza."

"Imeshuka?" Mwanangu akamsogelea. "Jana tu imesomwa ishirini na moja, leo imeshuka? Nijibu hili moja. Wewe unasuka watu. Sukari mfukoni ulikuwa unaitembeza ya nini? Ulijua kitatokea nini leo?"

Mkwe wangu akanitazama. Hakuniangalia kwa hasira, na heri angefanya hivyo. Aliniangalia kama mtu anayengoja mwenzake amalize kuvaa. Kisha akainamisha kichwa, akakaza kitambaa cha kidole chake.

"Kusanya nguo zako," mwanangu akasema. "Uende kwenu kwanza mpaka nijue hapa ndani kuna nini."

Nilifurahi. Sitadanganya, kwa muda mfupi kabisa nilifurahi. Nilikuwa nimeshinda, na chupa itakuwa yangu, na mtungi wangu, na hakuna atakayejua kitu. Mistari thelathini na nne ilikuwa ndani ya kichwa changu peke yangu. Nikiitaja, wataninyang'anya sindano, watasema bibi amechakaa akili, na Mama Redio ataitangaza mpaka sokoni. Nikinyamaza nalala.

Mkwe wangu akasimama. Alifika mlangoni, akageuka akamwambia mume wake, kwa sauti ileile ya siku zote: "Mchanga wa mtungi umwagiwe maji saa kumi na mbili, usichelewe. Kidonda kinafunguliwa kesho. Usitumie maji ya moto, miguu yake haisikii, utamuunguza."

Nikashindwa. Nilikaa kitako, nikasema, "Nilichoma thelathini na nne."

Mwanangu hakuelewa. Nikarudia. Nikaeleza yote mwanzo mpaka mwisho: kikombe cha maji, uzi, ishirini na sita, thelathini, uongo niliomwambia nesi uso kwa uso. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawa ya moto, na niliendelea kusema hivyohivyo. Nilipomaliza, Mama Redio alikuwa anaangalia dari, na dari yetu haina kitu cha kuangalia.

"Ule uzi niliukata mimi," mkwe wangu akasema akiwa palepale mlangoni. "Ulikuwa umeshika mchanga wa mtungi, na zahanati walisema kizibo kiwe safi. Kikombe kilikuwa cha kumwagia mchanga. Chupa niliiangalia juani nione kama joto limeiharibu. Baadaye ndipo ikaanza kuisha haraka kuliko kawaida. Nilipoenda kuomba nyingine waliniuliza kama nauza. Nikajua unaongeza, mama. Nilijua ni wewe."

"Na hukuniuliza?"

"Nilidhani umechoka. Na mguu, na maumivu. Nilidhani unataka kufa na hutaki tujue. Ningeanzaje kukuuliza kitu hicho? Nikamuuliza nesi mtu akizidisha dawa anasaidiwaje, akanionyesha niweke sukari mdomoni. Ndiyo nikatembea nayo."

Mwanangu alikaa chini sakafuni, na mavumbi yake, akaficha uso. Alimwomba mkewe msamaha mbele yetu, mara mbili, na mkewe akasema sawa kila mara. Nami nikaomba. Akaniambia sawa, mama.

Hakuondoka. Nilimweleza nesi ukweli, akanigombeza kama mtoto, nikakubali. Sasa nachomwa kumi na sita, paja hadi paja, na mashine mwezi huu imesoma kumi. Kidonda kimeanza kukauka pembeni. Anayenichoma ni mkwe wangu, nilimpa sindano kwa mkono wangu mwenyewe bila kunyang'anywa, na ana mkono mwepesi, lazima niseme.

Lakini hanichomi tukiwa wawili. Kila asubuhi, akishatoa chupa kwenye mtungi, anatoka mpaka kwenye ua na kumwita Mama Redio. Mama Redio anakuja amejifunga vizuri, anaonyeshwa chupa, anaonyeshwa bomba, anahesabu mistari kwa sauti mpaka kumi na sita, ndipo nachomwa. Hata chakula, sahani yangu haipakuliwi mpaka kuwe na mtu wa tatu jikoni.

Wiki iliyopita nilimwambia. "Yamekwisha, mwanangu. Usimwite tena huyu. Mimi sikushuku tena."

"Najua, mama."

"Sasa mbona unamwita?"

Alikuwa anafuta kizibo kwa pamba, polepole, kidole chake bado kina alama za meno yangu. "Siku ile ulikuwepo ukasema," akanijibu. "Siku ukifa kwa uzee wako tu, nani atanisemea?"

Mama Redio alikuwa ameshaingia, anasogeza kigoda karibu ili aone vizuri, nami nikapandisha gauni langu mpaka juu ya paja.